Hepatiti C ya aina moja: je, aliipata kwenye dialize?

SWALI: Baba anafanya dialize (kusafishwa damu kwa mashine) hapa Lubumbashi. Amekutwa na hepatiti C aina ya 4, na mgonjwa wa kiti cha pili vilevile. Aliambukizwa naye? – Mama wa Katuba

JIBU: Pole, mama. Aina ya 4 peke yake haithibitishi kitu. Ndiyo iliyoenea zaidi Kongo, hata kwa watu wasiojuana. Laboratwari isome herufi za jeni za virusi (zipo kama 9,600), hasa HVR1, kipande kinachobadilika upesi. Zikifanana karibu kabisa, na zikiwa mbali na za wagonjwa wengine wa mjini, chanzo ni kimoja. Nani alimpa nani? Hapo ulizeni daftari la zamu: nani alikaa wapi, siku gani, baada ya nani.

Damu itolewe kabla ya kuanza dawa. Virusi vikiisha hakuna cha kusoma. Kipimo cha kingamwili huweza kukosa ambukizo la wiki za kwanza, kwa hiyo ombeni cha RNA, kinachotafuta virusi vyenyewe.

Watu hulaumu mashine. Mara nyingi kosa ni chupa moja ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) inayochomwa sindano kwa wagonjwa kadhaa, au glavu zilezile kutoka kiti hadi kiti.