Mchezaji anayetaka kuwa minotauri

Ndugu yangu, nimekuelewa: kikundi chenu cha Sinza kimeanza kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na mmoja, yaani wewe, huongoza hadithi, na kijana mmoja anang'ang'ania kuwa minotauri, lile jitu lenye kichwa cha fahali. Mkubalie, ila usimkabidhi takwimu za adui jinsi zilivyo, kwa sababu katika kanuni za 2014 minotauri wa kupigana naye ana pointi 76 za uhai, ilhali mhusika wa ngazi ya kwanza huwa na takriban 10. Mwachie pembe, ambazo katika toleo la wachezaji la 2018 huumiza kwa dadu moja ya pande sita pamoja na nyongeza ya nguvu, kisha umpunguze hadi kimo cha mtu mrefu, la sivyo kila mlango wa pango utazua ubishi. (Mimi niliwahi kumruhusu mhusika wa mchezaji kuruka angani tangu siku ya kwanza, na mashimo niliyoyachora usiku kucha hayakumtisha hata kidogo.) Lililo kubwa zaidi, waulize wenzake mapema kama wako tayari kwa mji ambao walinzi wa lango watamnyooshea mikuki, maana hofu hiyo ikirudiwa kila kikao humchosha hata aliyeiomba, na hapo umruhusu abadilishe mhusika bila kumsimanga.