Kanga ya kisutu: ifue kabla ya kuikata

Je, kisutu, ile kanga ya jadi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, kifuliwe kabla ya kukatwa kushonea mkoba? Ndiyo, kifue kwanza, hasa kama ni kipya cha dukani, hata kama mchoro wake ni ule ule wa zamani. Kanga nyingi ni za pamba na hutoka kiwandani na wanga. Maji yakiigusa mara ya kwanza, kanga hurudi, yaani hupungua ukubwa, na ule wekundu huchuja. Nilijifunza kwa mkoba wa zawadi niliomshonea wifi yangu: nje kisutu, ndani bitana ya marekani nyeupe, kile kitambaa cha pamba cha kawaida. Alipoufua, bitana ikawa na mabaka ya waridi na kanga ikavuta mishono, zipu ikakunjamana. Iliniuma sana, maana alikuwa anaupenda.

Loweka kwenye maji baridi, peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, kisha piga pasi ndipo upime. Marekani ya bitana nayo ifue, kwa sababu inarudi vilevile. Chumvi haisaidii kuzuia rangi iliyokwishachapwa, usipoteze muda nayo.

Kwa kanga kuukuu ya bibi, kurudi si tatizo tena. Hapo inua kitambaa kwenye mwanga: ukiona nyuzi zimeachana, usikitegemee kubeba uzito. Kishikize juu ya drili, yaani kitambaa kizito cha pamba, na vishikio vikate kwenye drili hiyo hiyo. Halafu pima mahali pa jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye kanga, kabla mkasi haujagusa. Maneno yakikatwa katikati hayarudi, na kwa zawadi, jina ndilo linalosomwa kwanza.