Kabla ya koti, tuongee damu

SWALI: Jambo Mama Muganga. Mimi ni fundi wa malori makubwa ya mgodi, naishi Kamalondo hapa Lubumbashi. Kompani inanituma Mongolia miezi minne kuanzia Januari, kwenye mgodi wa shaba wa Oyu Tolgoi, katika jangwa la Gobi. Mdogo wangu wa tumbo moja naye ni fundi na amechaguliwa, lakini ni SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu, ingawa ana miaka mitatu hajalazwa. Kwa kuwa ni jangwa, tubebe nguo nyepesi? Yaya yetu, ndugu yetu mkubwa, anasema hata baridi ikija, chupa ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, inatosha.

JIBU: Fundi, jangwa ni kweli, joto umeliongeza wewe. Usiku wa Januari kule Gobi unaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi hapa Julai ikifika nyuzi 7 tunalala na soksi!

Lakini koti lingoje. Mdogo wako asiende Januari. Baridi hubana mishipa, damu inapita polepole, na kwa mtu wa SS chembe zake zinajikunja kama mundu na kuziba njia. Hewa ya kule ni kavu, mtu anapoteza maji bila kusikia kiu, na hilo nalo linaleta maumivu. Hiyo miaka mitatu ameishi nyumbani, penye jua na karibu na daktari anayemjua. Najua mshahara ni mshahara. Basi amwone huyo daktari na barua ya kompani mkononi, waamue kama safari ya miezi isiyo ya baridi inawezekana. Na wewe? Baba na mama ni walewale. Kama hujapimwa elektroforesi, kipimo cha damu kinachoonyesha SS, pima wiki hii.

La pili ni malaria. Mongolia haina malaria, na hatari iko hapo hapo. Unaweza kuondoka nayo mwilini, ikaamka baada ya wiki kadhaa, mbele ya daktari ambaye hajawahi kuiona. Mimi nilisomea uuguzi Irkutsk, Siberia, upande wa pili wa mpaka na Mongolia. Wiki ya tatu nikashikwa na homa, nikapewa dawa za mafua siku nne, mpaka nikaandika neno «malaria» kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Wewe ukipata homa, neno la kwanza liwe: natoka Kongo, nipimeni damu. Usingoje kesho. Muulize daktari wako kama ubebe vipimo vya haraka na dozi ya dawa.

Sasa koti. Vaa nguo tatu kwa kupandanisha: ya ndani isiyokaa na jasho, ya sufu, na ya juu ya kuzuia upepo. Viatu viwe vikubwa kidogo, maana kiatu kinachobana kinazuia damu isifike vidoleni. Mimi nilikuwa nimesuka vizuri, nikakataa kofia, na hereni za chuma masikioni. Ncha ya sikio ikawa ngumu kama mpira wa tairi, na mwenzangu wa chumba akataka kunisugua kwa theluji. Usikubali! Kusugua kunachana nyama. Ingia ndani, tia sehemu hiyo katika maji ya vuguvugu, kama nyuzi 38, wala usiisogeze kwenye moto: haisikii, utaungua bila kujua. Kisha ukamwone daktari.

Kwa kazi yako, usishike spana kwa mkono mtupu. Na dizeli: ile ya majira ya baridi haigandi pale maji yanapoganda, kwa hiyo ikikumwagikia inakuja na baridi yake yote na kugandisha ngozi. Beba glavu za akiba, zilizolowa uzivue palepale.

Ukipita Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, utakuta moshi wa majiko ya makaa ya mawe umelala bondeni. Kama una pumu, beba dawa yako ya kuvuta. Ukilala kwenye hema la wafugaji, kumbuka mbabula, jiko letu la makaa la nyumbani: jiko linalowaka penye hewa iliyofungwa linaua watu usingizini.

Maziwa yachemshwe. Mbwa wa wafugaji ni wakali. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Nyama ya pori tunaipenda, lakini mnyama wa kule aitwaye marmoti mwache. Mwaka 2019 mume na mke walikufa kwa tauni baada ya kula viungo vyake vibichi.

Lutuku? Pombe inafungua mishipa ya ngozi: unasikia moto huku joto la ndani linatoka. Yaya abaki nayo Kamalondo.

Kadi ya njano ya homa ya manjano usiifungie kwenye sanduku. Ukirudi uwanja wa ndege wa Luano wataiomba.