Badiliko la mstari mmoja lililokwamisha malipo

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina vifurushi vitatu kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript: `msingi`, na viwili vinavyokitegemea, `malipo` na `risiti`. Katika `msingi` kulikuwa na fanksheni inayorudisha kiasi cha fedha kama maandishi, "15,000". Nimeibadilisha irudishe namba, 15000. Ni badiliko dogo, mstari mmoja, kwa hiyo nikatoka toleo 1.4.2 kwenda 1.4.3. Kwenye kompyuta yangu majaribio ya vifurushi vyote yalipita. Kesho yake wateja wawili wakapiga simu kwamba malipo yamekwama. Wenzangu wanasema nifute `package-lock.json` (faili la kufuli, linaloshikilia toleo la kila kifurushi), nisakinishe kwa `--force`, yaani kwa kulazimisha, kisha vifurushi vyote nivipe namba moja. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba. Usifanye hivyo. Kilichokuponza ni hilo neno "dogo", na ninalisikia karibu kila wiki.

Namba ya toleo haipimi jasho lako. Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, alipoandika kanuni za namba hizi tatu alimfikiria yule anayekutegemea: kilichokuwa kikifanya kazi kwake jana, leo kitafanya kazi bila yeye kugusa chochote? Kama umerekebisha kasoro tu, panda namba ya tatu. Kama umeongeza kitu na cha zamani kimebaki salama, ya pili. Ukimvunjia, hata kwa herufi moja, panda ya kwanza. `malipo` ilikuwa ikiondoa mkato kwa `.replace`, amri ya kubadilisha maandishi, na namba haina `.replace`. Kwa hiyo badiliko lako lilistahili namba 2.0.0.

`malipo` imeomba `^1.4.0`, yaani toleo lolote kuanzia hapo mradi halijafika 2.0.0. npm ikawapelekea wateja 1.4.3 kwa sababu wewe mwenyewe ulitangaza kwamba ni salama. Kwako majaribio yalipita kwa kuwa faili la kufuli lilikuwa bado limeishika 1.4.2. Faili hilo haliendi na kifurushi unapokichapisha. Linakulinda wewe, mteja halimfikii. Kwa hiyo kabla ya kutoa toleo, fungua folda tupu, sakinisha kama mgeni, ujaribu humo.

Sasa tiba. Usihangaike kuifuta 1.4.3: baada ya saa 72 npm ina masharti magumu, na kabla ya hapo hukataa iwapo kuna kifurushi kingine kinachokitegemea chako. Hata ikikubali, namba hiyo huwezi kuitumia tena. Toa 1.4.4 yenye tabia ya zamani, leo hii, kisha iwekee 1.4.3 onyo kwa `npm deprecate`. Hayo yakitulia, toa 1.5.0 yenye fanksheni mpya ya namba kando ya ile ya maandishi. Hamisha `malipo` na `risiti`, kila kimoja kiombe `^1.5.0`. Ya zamani iondoke katika 2.0.0, wakati hakuna tena anayeiita. Anza na anayetegemewa, malizia na wanaotegemea.

Namba moja kwa vyote si kosa. Angular, mfumo wa kutengenezea programu za wavuti, hufanya hivyo. Lakini haizuii mteja kupandisha kimoja na kuacha kingine.

Ninachokiogopa zaidi ni ushauri wa wenzako. Ni kama mganga mwenye dawa moja kwa homa, jino na mguu: futa kila kitu, weka `--force`. Tangu npm 7, vifurushi visipopatana npm husimama na kukuonyesha nani anagombana na nani. `--force` hunyamazisha tu ule ujumbe. Ugomvi unaingia nao kwenye seva. Na ukifuta kufuli, hutengenezi chochote. Umeziachia mamia ya namba ambazo hukuzichunguza zibadilike kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2018 mwenye kifurushi cha `event-stream` alimkabidhi kifurushi mtu aliyejitolea kumsaidia. Toleo 3.3.6 likatoka na utegemezi mpya, ambao baadaye ulitiwa msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali kwenye pochi ya Copay. Januari 2022 mwenye kifurushi cha `colors` mwenyewe alitoa toleo lenye mzunguko usiokoma, na programu zilizolivuta zikaanza kumwaga takataka kwenye skrini. Aliyeshikilia kufuli lake lenye namba za zamani hayo hayakumfika. Aliyelifuta wakati kama huo kwa sababu kuna mtu kamwambia "futa, itakubali" aliyapokea, na hakujua yametokea wapi.

Kwa hiyo kwenye seva tumieni `npm ci`, inayofuata kufuli neno kwa neno. Mkitaka kupandisha, pandisheni kifurushi kimoja, mjaribu, mhifadhi kufuli jipya pamoja na msimbo, ndipo mguse kingine. Wale wateja wawili wapigie ukishatoa 1.4.4, uwape amri kamili ya kusasisha, kabla hawajaambiwa na mtu mwingine wafute.