Kampasi ya huku na kampasi mama: msikubali kuwa waokota data tu

Mimi niko kampasi ya huku ya chuo cha nje, na kampasi mama, yaani kule chuo kilikotoka, walikuwa na projekti ya kufundisha programu ya kompyuta kwa sauti za watu wa sokoni. Sisi tulirekodi, wao wakaandika kilichosemwa. Mstari wa kumi na kitu kwenye faili lao la Excel nikaona mama lishe wa Temeke anataka samaki wake wafike 03:00. Nikashtuka, saa tisa usiku nani anapokea samaki? Nikafungua rekodi yenyewe nikasikiliza, mama anasema wazi kabisa "niletee saa tatu mwanangu, usinicheleweshee wateja." Saa tatu asubuhi! Wenzetu wa kampasi mama walisikia tatu wakaandika tatu, na sio huyo mmoja, nikishuka chini naona saa nne zote zimekuwa 04:00, saa sita za mchana zimekuwa 06:00, na programu ndo ilikuwa inafundishwa kwa data hiyo hiyo.

Hawakuwa na nia mbaya, na wale vijana wanajua kazi yao kuliko mimi kwenye upande wa kompyuta. Shida ni kwamba projekti ilipangwa kule, maswali yakaandikwa kule, sisi wa huku tukaambiwa nendeni sokoni mkarekodi sauti mtume. Tukarekodi tukatuma. Hakuna aliyetuuliza kitu na sisi hatukusema, na hilo la kutosema ndo linaniuma mpaka leo.

Naandika kwa ajili ya wadogo zangu maana hizi kampasi zinaongezeka huku kwetu. IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wako Zanzibar tangu 2023, ndo IIT ya kwanza nje ya India, Carnegie Mellon wa Marekani waliingia Kigali 2011, Aga Khan ambayo mzizi wake ni Karachi ina wanafunzi Nairobi, Dar na Kampala. Chuo changu sikitaji, ila ninayosema yatakukuta popote.

Cha kwanza kabisa, kabla hamjarekodi hata sauti moja kaeni muandike karatasi moja tu. Nani ametoa swali la utafiti, nani anakusanya, nani anachambua, data inakaa kwenye seva ya nani na wa huku wataifikiaje projekti ikiisha, na kwenye makala majina yanapangwaje. Najua kwetu kuulizia jina lako mapema unaonekana una tamaa, hasa mbele ya profesa, lakini uliza. Rafiki yangu alizunguka masoko matatu na jua lile la mwezi wa pili, akatafsiri mahojiano yote peke yake, makala ilivyotoka jina lake akalikuta kwenye shukrani kule mwisho. Alilia kwakweli. Na hakuna aliyekuwa amevunja makubaliano kwasababu makubaliano hayakuwepo.

Alafu vibali. Kule wakishapitishwa na kamati yao ya maadili wanaona wamemaliza, sasa wewe wa huku ndo unatakiwa uwaambie mapema kwamba bado. Mtafiti wa nje akiingia Tanzania Bara anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, mambo ya afya yanapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Zanzibar wana utaratibu wao, Kenya kuna tume yao ya sayansi, NACOSTI. Na sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, Tanzania tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, kwahiyo kuituma nje ya nchi sio suala la kubonyeza tu linki. Yule mama lishe aelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka sauti yake inakwenda wapi.

Mitingi nazo andikeni saa za pande zote mbili, na mkumbuke wenzetu wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka sisi hatusogezi, mwezi wa tatu tuliingia Zoom tukakuta wanaagana.

Basi turudi kwenye lile faili. Nilimwandikia msimamizi wa huku, nikaambatanisha rekodi tano na walichoandika pembeni, bila maneno mengi. Akaomba mitingi ya timu nzima, tukawachezea sauti moja moja tukaeleza kwamba kwetu siku inaanza kuhesabiwa asubuhi jua likichomoza, saa moja ni 07:00. Kukawa kimya kidogo, alafu mwenzetu mmoja wa kule akauliza "na ni kitu gani kingine tumekosea?" Hapo ndo ushirikiano ulipoanza. Kazi ya kuandika sauti ikahamia huku, kila rekodi inasikilizwa na watu wawili, wao wakatupa akaunti za seva na za maktaba ambazo kabla ya hapo tulikuwa tunaomba kama msaada, na kila wiki mmoja wao anatufundisha namna ya kuipima ile programu.

Faili la sasa lina safu mbili za saa, moja mtu alivyotamka na nyingine saa yenyewe. Ile ya alivyotamka imeongezwa na mwenzetu wa kule aliyeuliza.