Maswali ya Wasomaji: Kumfuata Mwenzako Baharini

Swali: Mhariri, assalaam alaikum. Katika mashindano ya kuogelea baharini hapa Nyali, nilimfuata mwenzangu miguuni karibu njia nzima, kisha nikampita tulipokaribia ufuo. Amekasirika. Je, nimekosa? – Msomaji, Kongowea

Jibu: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Sheria hukuivunja, kwa kuwa kumfuata muogeleaji mwenzako kunaruhusiwa. Kilichokatazwa ni kujikinga nyuma ya boti ya msindikizaji. Anayetangulia huyasukuma maji, hivyo anayemfuata kwa karibu, chini ya nusu mita nyuma ya vidole vyake, hupata ukinzani mdogo na huhifadhi nguvu.

Adabu, hata hivyo, ni jambo jingine. Kumgusa nyayo mara moja kwa bahati mbaya husameheka, lakini kumpapasa kila unapovuta mkono humvurugia mapigo ya miguu, na ukimvuta kwa makusudi mwamuzi aweza kukuonyesha kadi ya njano, ambayo ikirudiwa unatolewa mashindanoni. Iwapo miguu yake inarusha povu usoni pako, sogea kando, kichwa chako kikiwa usawa wa nyonga yake, ingawa hapo nafuu hupungua.

Ninasisitiza pia uinue macho na kulitafuta boya mwenyewe, hasa wakati wa kusi, kwani kiongozi akisukumwa nje ya njia mtapotea pamoja. Na mkiwa mnalingana kasi, ni uungwana kupokezana uongozi, ijapokuwa hakuna anayeweza kukulazimisha.