Geji Imesoma Chini: Injini ya Boti Imekufa?

Fundi, nataka kununua injini ya farasi 15 iliyotumika, ya mipigo miwili, silinda mbili. Geji ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda inasoma PSI 110 silinda ya juu na 75 ya chini. Muuzaji anasema ndiyo kawaida ya injini iliyofanya kazi. Nichukue? (Dunga, Kisumu)

Si kawaida, ndugu yangu. Injini ikichoka kwa kazi, silinda huchoka pamoja: utakuta 95 na 92, na bado inavuta boti. Moja ikianguka peke yake, kuna jambo limeipata. Tofauti inayovumilika ni asilimia 10, ikizidi sana 15. Yako inakaribia theluthi.

Ila hakikisha kwanza imepimwa ipasavyo. Iwashe ipate moto, izime, kisha toa plagi zote mbili, si moja. Chomoa kamba ya usalama na ugusishe nyaya za plagi kwenye bodi ya injini, cheche isije ikakutana na mvuke wa petroli. Zungusha mkono wa mafuta, ule wa kuongeza kasi, hadi mwisho. Kabureta ikibaki imefungwa hewa haiingii, na utailaumu injini bure. Vuta kamba kwa nguvu mpaka sindano ikome kupanda, kama mara tano au sita, na silinda ya pili uivute mara zilezile.

Bado 75? Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi ya silinda dhaifu, vuta polepole isambae, pima tena. Ikiruka hadi 100, upepo unapita kando ya pistoni: ringi zimelika au zimekwama kwa masizi, au ukuta wa silinda una mikwaruzo. Ikikaa palepale, shuku gasketi ya hedi au pistoni iliyotoboka. Gasketi ni kazi ndogo. Kubori silinda na kutia pistoni kubwa zaidi ni kazi nyingine kabisa, na bei ya kununulia lazima ijue hilo. Muuzaji akikataa hedi ifunguliwe, mwachie injini yake.

Nilinunua injini Mombasa, tukapima pale: 120 kila silinda. Nimeifikisha Naivasha inasoma 97 na 96. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? (Naivasha)

Hujauziwa. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi: mgandamizo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Piga hesabu, 120 mara 0.8 ni 96. Hata sisi Kisumu, kwenye mita 1,134, injini hiyohiyo ingesoma kama 105. Ndiyo maana namba ya kitabuni peke yake hainibabaishi. Natazama kwanza kama silinda zinalingana, na zako zinalingana vizuri.

Jeti za kabureta za pwani, hata hivyo, zitamwaga petroli nyingi kuliko hewa ya huko. Plagi zikitoka nyeusi zenye masizi, tia jeti ndogo. Na kwa kuwa imetoka baharini, fungua kidhibiti joto uone kama chumvi imeganda kwenye njia za maji.

Vijana wangu walipita kwenye gugu maji, injini ikapata moto ikazima. Sasa inawaka kwa shida, silinda zote zimeshuka. Fundi anataka kubadilisha ringi tu. (Mbita)

Mama, ringi tu hazitoshi. Muulize kwa nini ilipata moto. Gugu likiziba tundu za kunyonyea maji, impela, lile gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoza injini, huzunguka kavu, na mpira wake huungua haraka sana. Ukitia ringi mpya juu ya impela iliyoungua, utarudi kwake kabla msimu haujaisha. Wafunze vijana kuchungulia ule mkojo wa maji unaotoka nyuma ya injini: ukikatika, wazime papo hapo.

Kagua na oili pia. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, mtungi wa lita 20 unataka mililita 400, tena oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki waachie wa bodaboda.

Injini yangu ya mipigo minne inasoma 60 lakini inawaka kwa mvuto mmoja na ina nguvu. (Sio Port)

Iache. Nyingi ndogo za aina hiyo zina kifaa kinachofungua vali kidogo wakati wa kuvuta kamba, ili mkono usiteseke. Geji inasoma huo uvujaji wa makusudi. Ukitaka uhakika, fundi mwenye kompresa aingize upepo silinda ikiwa imefungwa vali zote, asikilize unatokea wapi.

Ilisoma vizuri kwa muuzaji, nyumbani imeshuka. Nimechezewa? (Usenge)

Huenda. Wapo wanaotia oili silindani kabla mteja hajafika, geji ikapanda. Siku nyingine ukienda kununua, toa plagi kabla ya chochote: ikiwa imelowa oili, uliza. Kisha ikimbize ziwani dakika 10 hivi, moshi mzito uishe, ndipo upime.